Namna ya Kupeleka Taka Kwenye Kituo cha Kupokelea na Kutenganisha Taka Jijini Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayesema anakwenda kutupa taka anaweza kuwa anakusudia mahali patatu pasipofanana, na wengi hurudi nyumbani na mzigo wao kwa sababu wamefika pasipo pao. Kuna kizimba, yaani eneo lililozungushiwa ukuta mfupi, au kontena la chuma lililowekwa kando ya soko au barabara, ambako mikokoteni na maguta humwaga taka za mitaani ili lori la halmashauri au la mkandarasi lije kuzizoa. Kuna dampo, ambalo kwa jiji hili ni Pugu Kinyamwezi, na huko mkazi wa kawaida hana shughuli. Kisha kuna kituo cha kupokelea na kutenganisha taka, ambako chupa, maboksi, vyuma na pengine mabaki ya jikoni huchambuliwa, hupimwa na kufungwa marobota kabla ya kusafirishwa. Maelekezo haya yanahusu kituo cha aina hii ya mwisho.

Vituo vyenyewe navyo si vya namna moja. Vingine huendeshwa na ushirika au kikundi cha mtaa, kama ilivyo Bonyokwa wilayani Ilala, ambako ushirika wa wakusanya taka hupita nyumba kwa nyumba na kuchambua walichokusanya kwenye kituo chao, kwa mfumo ulioanzishwa na asasi ya Nipe Fagio. Vingine ni yadi za wafanyabiashara wanaonunua makopo ya plastiki, maboksi na chuma chakavu, na hivyo ndivyo vilivyo vingi zaidi, mara nyingi vikiwa nyuma ya ukuta wa mabati na bila bango lolote la kuvitambulisha isipokuwa mizani iliyoning'inia mlangoni. Tofauti hiyo ina maana kwako wewe unayekwenda, kwa kuwa kituo cha ushirika kinaweza kupokea vitu vingi zaidi bila kukulipa chochote, ilhali yadi itakulipa lakini itakataa kila isichoweza kukiuza.

Jambo moja linaziunganisha aina zote mbili, na ukilielewa hilo, mengine yote yatafuata. Kituo huishi kwa kile kinachoweza kuuzwa tena au kuozeshwa kikawa mboji, na kitu kingine chochote kinachoingia getini ni hasara, kwa sababu mwenye kituo atalazimika kulipia kibebwe tena hadi Pugu. Ndiyo maana msimamizi atakagua gunia lako kwa jicho kali kuliko ulivyotarajia. Hakudharau. Anahesabu gharama.

Kazi kubwa hufanyika nyumbani

Anza kwa kuuliza kabla hujabeba chochote. Mtendaji wa mtaa au bwana afya wa kata kwa kawaida hujua kituo kilicho karibu na hujua kama kinatambuliwa na halmashauri, na asipojua, muulize kijana yeyote anayepita na salfeti ya makopo mgongoni, maana yeye hupeleka mzigo huko kila siku na atakuambia hata bei ya leo. Ukipata namba ya simu ya kituo, uliza mambo mawili tu: wanapokea nini wiki hii, na wanataka kitu hicho kiwe katika hali gani. Neno "wiki hii" lina uzito wake. Bei ya plastiki iliyotumika hufuata bei ya plastiki mpya, ambayo nayo hufuata bei ya mafuta, kwa hiyo kiwanda kikipunguza ununuzi, yadi huacha kupokea aina fulani ghafla, na mwezi unaofuata huipokea tena.

Chupa za maji na soda ndizo zinazopelekwa zaidi, kwa hiyo zinastahili maelezo marefu. Zimetengenezwa kwa plastiki inayoitwa PET, na utaitambua kwa namba 1 iliyo ndani ya pembetatu ya mishale kwenye kitako cha chupa. Kizibo chake ni plastiki nyingine kabisa, kwa kawaida ya namba 2 au namba 5, na huuzwa peke yake. Mtu anayeona vituko akiambiwa afungue vizibo asimame dakika chache penye uchambuzi amwangalie mama aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa: mkono wa kushoto unashika shingo ya chupa, wa kulia unazungusha kizibo, kisu kifupi kinapita chini ya ile pete inayobaki shingoni, lebo inachanwa, na vitu vitatu vinaruka kuelekea mafungu matatu kabla hujamaliza kumsalimu. Kila kizibo ulichofungua nyumbani ni mzunguko mmoja uliompunguzia.

Kuna sababu nyingine ya kufungua, nayo ni hewa. Chupa iliyofungwa haibonyei, na ikiingizwa kwenye mashine ya kufunga robota hupasuka kwa kishindo au hulifanya robota liwe legelege. Pia huficha maji, na hakuna mnunuzi anayekubali kununua maji kwa bei ya plastiki. Kwa hiyo mimina kilichobaki, suuza kidogo kwa maji uliyokwisha kuyatumia kuoshea vyombo, acha ikauke, ikanyage kwa mguu, kisha itie gunia. Lebo nazo, hasa zile zinazoibana chupa nzima, zitoe kama una nafasi, kwa kuwa baadhi yake ni PVC, plastiki ya aina nyingine, na PVC kidogo tu ikiyeyushwa pamoja na PET huungua kabla ya mwenzake kuyeyuka, ikatoa tindikali na kuichafua rangi bechi nzima. Vizibo na pete si tatizo kubwa hivyo kiwandani, maana vipande vikitumbukizwa kwenye maji, PET huzama na vizibo huelea, lakini PVC huzama pamoja na PET na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Madumu ya mafuta ya kula, chupa za shampuu, ndoo, mabeseni na viti vya plastiki viwekwe kwenye gunia lao. Hiyo ndiyo plastiki ngumu, na mara nyingi bei yake si ile ya chupa za maji. Dumu lililobeba mafuta lisuguliwe kwa sabuni. Lililobeba dawa ya wadudu lisipelekwe kabisa. Mifuko laini na nailoni za kufungia bidhaa huwa na soko dogo, na yadi nyingi huzikataa. Mifuko ya kubebea bidhaa iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 bado hujitokeza mabegini na uvunguni mwa vitanda, na ukiikuta usiifanye kuwa kifungashio cha kubebea mzigo wako kituoni.

Maboksi yana adui mmoja, nao ni maji. Boksi lililonyeshewa huwa zito, nyuzi zake hulegea, na mnunuzi ama hukata kilo kadhaa kwa makisio yake au hulikataa moja kwa moja, jambo linaloumiza zaidi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ambapo hata boksi lililokaa varandani hunywa unyevu. Yakunjue, yafunge kwa kamba kama kitita, yaweke juu ya kichanja na siyo juu ya sakafu. Boksi lenye mafuta ya chipsi halina kazi kituoni. Lichane ulitie kwenye mboji. Paketi za maziwa na juisi zinazofanana na boksi ni karatasi, plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, kwa hiyo usizichanganye na maboksi ukidhani zitapita.

Chupa za bia na soda za kioo zenye dhamana zirudishwe dukani, kwa sababu huko hujazwa tena na hilo ni bora kuliko kuyeyushwa. Za mvinyo, mchuzi na dawa za kikohozi zinaweza kupokelewa na kituo kinachouza vigae, yaani vipande vya kioo, maana hapa jijini kipo kiwanda cha Kioo Limited ambacho hutengeneza chupa na huyeyusha vigae pamoja na malighafi mpya. Usichanganye humo glasi za kunywea, vioo vya madirisha wala vipande vya sahani. Hivyo haviyeyuki kwa joto lile lile, na kipande kimoja cha sahani kinaweza kuwa kokoto ndani ya chupa mpya.

Kwa upande wa vyuma, tenga makopo ya alumini na makopo ya bati. Sumaku itakusaidia: bati hunasa, alumini hainasi. Alumini ina bei nzuri kuliko bati, na kuchanganya ni kujipunja. Nyaya zenye kopa ndani zivuliwe ganda kwa kisu au ziuzwe na ganda lake, usizichome. Moshi wa ganda la PVC una sumu inayobaki kwenye udongo na miili ya watu kwa miaka mingi, na kopa iliyoungua hushuka thamani kwa sababu ya masizi. Kama unauza kitu kikubwa, kwa mfano geti, injini au mtungi wa maji wa chuma, beba kitambulisho na risiti ukiwa nayo, kwa kuwa mnunuzi makini atauliza kimetoka wapi. Mifuniko ya mitaro, nguzo za alama za barabarani na nyaya za umeme wa mtaani ni mali ya umma, na atakayezipeleka yadi atajikuta akijieleza kituo cha aina nyingine.

Mabaki ya jikoni

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni maganda ya ndizi, viazi, mihogo na matunda, majani ya mboga na ukoko, na hicho ndicho kinachofanya pipa linuke na kilichobaki kilowane. Ukikitoa hiki tu na kukiweka kwenye ndoo yenye mfuniko, vitu vingine vyote vitabaki safi karibu bila juhudi. Kama ningeruhusiwa kudai jambo moja kwa kila nyumba ya jiji hili, lingekuwa ndoo hiyo ya pili.

Siyo kila kituo hupokea mabaki hayo, kwa hiyo uliza. Vinavyopokea huyageuza mboji, na kwa kiwango kikubwa zaidi kipo kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ingawa hicho kimekusudiwa malori ya taka za masoko kuliko ndoo ya mtu mmoja. Masharti ya kituo cha mtaa huwa ni yale yale: pasiwe na mifupa mikubwa, mafuta yaliyotumika kukaangia, vijiti vya meno, vijiko vya plastiki wala pampasi. Lundo la mboji linalofanya kazi vizuri hupanda joto hadi nyuzi 55 au 65 za Selisiasi na joto hilo huua mbegu za magugu na vimelea, lakini haliwezi kufanya lolote kwa mfuko wa plastiki uliofichwa katikati ya maganda. Peleka ndoo hiyo asubuhi, siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla funza hawajakutangulia.

Visivyokwenda kituoni

Betri ya gari au ya sola ina madini ya risasi na tindikali ya salfa. Usimwage tindikali hiyo mtaroni ili kuipunguzia uzito. Ibebe ikiwa imesimama wima, ndani ya beseni la plastiki, na umpelekee mnunuzi wa betri mwenye kibali, kwani chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 taka hatarishi haziwezi kukusanywa wala kusafirishwa kibiashara na kila mtu. NEMC, ambalo ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, linaweza kukuelekeza kwa wenye vibali, na hao hao ndio wa kuwauliza kuhusu simu, kompyuta na televisheni mbovu. Taa za mrija zina zebaki. Zifunge kwenye boksi lake zisivunjike.

Sindano za mgonjwa wa kisukari zina hadithi ya kusikitisha katika vituo vingi, kwa sababu huchoma mikono ya wachambuzi ambao glavu zao, kama wanazo, ni za kitambaa. Zitie kwenye chupa ngumu yenye kizibo, andika kwa kalamu ya wino mzito kwamba ni sindano, na uziombee nafasi zahanati unakochukulia dawa. Wembe nao uufunge kwenye kopo.

Kifusi cha ujenzi hakihitajiki kituoni, lakini katika jiji hili ambalo viwanja vingi vinahitaji kuinuliwa, mbao zilizoandikwa "Tunahitaji kifusi" hazikosekani, na mwenye kiwanja atafurahi ukimpelekea bure. Hakikisha tu kwamba siyo kiwanja kilicho ukingoni mwa Mto Msimbazi au kwenye mkondo wa maji.

Kwenda, kufika na kupima

Mzigo mdogo unabebeka kwa bajaji. Mkubwa utahitaji guta au kirikuu, na hapo piga hesabu kabla ya kukodi, kwa maana chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 15 tu, hivyo kilo moja ni kati ya chupa 67 na 100. Gunia linalojaza kiti cha nyuma cha bajaji linaweza kukuletea fedha isiyofikia nauli ya kulifikisha. Hii ndiyo hoja yangu dhidi ya safari za kila wiki: kusanya kwa miezi miwili, au kubalianeni majirani wanne mpeleke pamoja, au mpe yule kijana wa salfeti mzigo uliokwisha kutengwa naye auuze kwa faida yake, jambo ambalo kwa nyumba nyingi ndilo lenye busara zaidi.

Fika kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya maguta ya mchana. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya usafi nchini, kwa kuwa mitaa yote huwa imefagia kwa pamoja na foleni ya kituoni huwa si ya kawaida. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili na vipande vya chupa havipatani, na watoto wadogo wabaki nyumbani kama hamkwenda kwa ziara iliyopangwa.

Getini salimia, kisha mwulize anayehusika na mapokezi ushushe mzigo wapi. Usimwage mahali ulipoona nafasi, kwa sababu kila fungu lina mwenyewe. Wachambuzi waite mama, dada, kaka, mzee, kama ungewaita popote pengine. Majina ya kejeli wanayopewa waokota makopo barabarani yaishie barabarani.

Kwenye mizani usione aibu. Kabla gunia halijaning'inizwa, tazama kama mshale au tarakimu ziko kwenye sifuri, na tazama kama kuna stika ya Wakala wa Vipimo yenye mwaka wa sasa. Ukitaka kujiridhisha bila kugombana, beba chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa, omba ipimwe kwa tabasamu, na isome: inapaswa kukaribia kilo moja na nusu. Uliza bei ya kila aina kabla ya kupima na siyo baada yake. Kama wanakata uzito wa gunia au unyevu, waseme wanakata kiasi gani. Malipo madogo hutolewa taslimu au kwa simu, na kwa mzigo mkubwa dai stakabadhi, hasa kama wewe ni shule, hoteli au ofisi inayotakiwa kuonyesha taka zake zimekwenda wapi. Salfeti zako zidai papo hapo, maana zikiingia kwenye lundo hazitarudi.

Kumbuka kwamba fedha hiyo haikuondolei ada ya taka ya mtaa. Ada hiyo hulipia kuzolewa kwa yaliyobaki, na hulipwa kwa mkandarasi au kwa kumbukumbu namba ya halmashauri, ukapewa risiti.

Ukienda kujifunza

Walimu, vikundi vya vijana na wanafunzi wa vyuo hukaribishwa, lakini andikeni barua wiki moja au mbili kabla, mkitaja idadi ya watu na mnachotaka kuona, na mpeleke nakala kwa mtendaji wa kata. Ombeni siku ambayo robota linafungwa au lori linapakiwa. Siku nyingine mtaona malundo tu. Msipige picha za nyuso bila ruhusa ya mwenye uso, kwa kuwa wapo wanaofanya kazi hii ambao ndugu zao mkoani hawajui.

Ziara itakuwa na thamani zaidi mkiuliza habari za dampo pia. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 na kushinda kesi ya kuzuia taka zisimwagwe karibu na makazi yao, na tangu hapo dampo la jiji limehamahama, likapitia Vingunguti na Mtoni hadi kufika Pugu Kinyamwezi. Basi mwombeni msimamizi awaonyeshe lundo la vitu vilivyokataliwa, awaambie vinaondoka kwa gari la nani, mara ngapi kwa mwezi na kwa gharama ya nani. Mwenye stakabadhi za safari hizo atazitoa bila kusitasita. Asiye nazo, tazameni korongo au mtaro ulio nyuma ya ukuta wake kabla ya kuamua kumpelekea mzigo wenu.